Tope la Ijumaa

Inspekta Subira Boga alisimama ndani ya ofisi ya maji ya Mwandeo, mikono nyuma, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayechagua manukato dukani. Mbele yake, kwenye rafu tatu zilizopigiliwa kando ya dirisha, zilipangwa chupa arubaini za plastiki. Kila chupa ilikuwa na maji, na kila moja imebandikwa karatasi yenye tarehe.

"Hizi ni za nini, Bi Mwanatumu?"

"Ni ushahidi wangu," akajibu mama mtunza tangi, akizifuta vumbi kwa pindo la leso. "Kila siku saa nane mchana, kabla sijafungua maji ya kijiji, najaza chupa moja. Nimeanza tangu siku ile tope la kwanza lilipokuja. Mume wangu anasema nimerukwa na akili. Nikamwambia, siku serikali itakapokuja itataka kuona, si kusikia. Na leo umekuja."

"Nimekuja. Mwambie mumeo akuombe radhi."

Bi Mwanatumu alicheka mpaka mabega yakatikisika. Subira naye akacheka. Alikuwa mwanamke wa miaka arubaini na mmoja, mzaliwa wa Shimoni, mfupi, mwenye macho ya kuchekacheka, na watu wengi walipomwona mara ya kwanza hawakuamini kwamba ni mpelelezi. Yeye hilo lilimfaa sana kazini.

Barua iliyomleta ilikuwa imefika mezani kwake Msambweni Jumatatu. Kwa wiki sita, maji ya chemchemi ya msitu mtakatifu wa Kaya Mwandeo, ambayo kijiji kizima hunywa, yalikuwa yakitoka bombani kama chai ya maziwa. Zahanati ilikuwa imefunga chumba cha kujifungulia. Kikao cha kijiji kilikuwa kimempata mkosaji, Mwinga, mfugaji wa Kiduruma aliyehamia hapo na mbuzi wake mwaka juzi kutoka upande wa Kinango. Alikuwa amepewa hadi Jumamosi ahame na familia yake. Barua iliomba polisi waje wamsindikize.

Leo ilikuwa Jumatano.

"Na ni nini kilichowafanya mmtaje Mwinga?" Subira aliuliza.

"Tope huja Ijumaa, Inspekta. Tazama mwenyewe. Ijumaa zito, Jumamosi jepesi, Jumapili kidogo tu, Jumatatu maji safi. Na Ijumaa mchana sote tuko msikitini au majumbani tukisikiliza hutuba. Mwinga ni Mkristo. Yeye peke yake yuko huko nje na mbuzi wake. Watu wakajumlisha."

Subira alizitoa chupa za Ijumaa moja moja, akazipanga mezani. Zilikuwa sita. Tope lilikuwa limetuama chini, unene wa kidole, katika chupa ya kwanza, ya pili na ya tatu. Akaishika ya nne, akaigeuza juu chini mbele ya mwanga.

Ilikuwa safi kama machozi.

Akaitazama ya tano, ina tope. Ya sita, ina tope.

"Koplo," akaita bila kugeuka, "tarehe hii ilikuwa Ijumaa kweli?"

Koplo Rispah, msichana mrefu wa Nakuru aliyekuwa na miezi minne tu pwani, akaangalia simu yake. "Ni Friday, madam. Sure kabisa."

"Basi nasi tujumlishe. Kijiji kimehesabu Ijumaa tano chafu. Hii moja safi hakuna aliyeihesabu." Akaiweka chupa katikati ya meza. "Bi Mwanatumu, siku hii kulikuwa na nini hapa?"

Mama yule alikunja uso, akafikiri. "Sikumbuki kitu. Labda mbuzi hawakuja."

* * *

Mbuzi walikuwa wamekuja. Hilo alilisema Nesi Hannah wa zahanati, na alilisema kwa hasira ambayo bado ilikuwa mbichi.

"Tarehe hiyo? Naikumbuka mpaka naingia kaburini! Mbuzi wa Mwinga waliingia bustanini kwangu wakala mchicha wote. Wote, Inspekta. Niliwafukuza mwenyewe kwa ufagio mpaka mtoni."

"Saa ngapi?"

"Saa saba kamili. Habari zilikuwa ndiyo zinaanza kwenye redio yangu ya betri."

"Wakaingia majini?"

"Kumi na tisa! Walipita katikati ya maji, juu ya mdomo wa bomba linalopeleka maji tangini, wakatokea ng'ambo, mimi nyuma yao na viatu mkononi."

Subira alimtazama Rispah. Mbuzi kumi na tisa na nesi mmoja walikuwa wamekanyaga mto siku hiyo saa saba, na saa nane Bi Mwanatumu alikuwa amejaza chupa ya maji safi.

"Mbuzi ni wepesi," Subira akasema walipotoka nje. "Wanatibua juu juu, changarawe inatulia. Tope la kidole kizima linataka kitu kizito. Kitu cha kuburutwa."

"So Mwinga ametoka?"

"Mbuzi wametoka. Mwinga bado sijamwona."

Rispah akaguna. "Na hii chumba ya maternity, madam, itafunguliwa lini? Nimeona mama mmoja hapo nje na tumbo ya miezi tisa, anangoja boda impeleke Msambweni."

"Nimemwona," Subira akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutabasamu.

Alimtuma Rispah aulize nyumba kwa nyumba swali moja tu, kuhusu jambo gani lisilo la kawaida lililotokea Ijumaa ya chupa safi. Rispah alirudi baada ya saa moja, jasho likimtiririka, daftari lake halina kitu ila jambo moja dogo ambalo hakuona kama lina maana.

"Stima ilipotea, madam. Toka asubuhi hadi jioni. Mama mmoja analalamika samaki yake iliharibika kwa friji."

Subira alisimama ghafla.

"Umeme ulikatika. Basi na kipaza sauti cha msikiti hakikulia."

"Hakikulia. Kila mtu anasema hutuba waliisikia wale waliokuwa ndani tu."

Subira aliangalia kilimani. Msikiti wa Mwandeo ulikuwa umejengwa mahali palipoinuka, na kipaza sauti chake kikubwa kilielekezwa juu ya nyumba, moja kwa moja hadi ukingo wa msitu. Akaanza kutabasamu polepole.

"Rispah, mtu akifanya kazi yake kipaza sauti kinapolia, na kisipolia akaiacha, anaogopa nini?"

Rispah naye akatazama kilimani. "Kelele. Kazi yake iko na kelele!"

"Sasa twende kwa Mwinga."

* * *

Mwinga walimkuta akimkamua mbuzi nyuma ya zizi. Alikuwa mtu mwembamba wa makamo, mwenye kofia ya majani iliyopasuka ukingoni. Aliziona sare zao, akaendelea kukamua.

"Hamjambo. Jumamosi bado."

"Hatujaja kukuhamisha, kaka. Tumekuja kuuliza," Subira akasema, akachuchumaa kando yake. "Ijumaa mchana huwa unalisha wapi?"

"Pale juu ya ukingo. Msituni siingii. Niliambiwa ni marufuku mgeni kuingia Kaya, nikashika."

"Ukiwa pale, kipaza sauti kinapolia, unasikia kitu kingine?"

Mikono ya Mwinga ikasimama. Alimtazama Subira usoni kwa mara ya kwanza.

"Nasikia msumeno. Wa injini. Unaanza hutuba inapoanza, unakoma swala ikianza. Kama mtu anayeshindana na imamu."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema kikaoni. Wakaniambia ni mwangwi wa kipaza sauti. Nikarudia. Wakasema namsingizia imamu." Akainua kibuyu cha maziwa, akakitazama. "Baada ya hapo nikaona heri ninyamaze."

"Ijumaa umeme ulipokatika?"

"Siku mbuzi walipokula mchicha wa nesi? Siku hiyo hakukuwa na msumeno. Kulikuwa na kelele za nesi tu."

Rispah aligeuka pembeni ili asicheke mbele ya shahidi. Walipokwisha kuaga, akamnong'oneza mkubwa wake, "Madam, yaani shahidi wetu wa maana ndiye huyo wanataka kufukuza?"

"Ndiye. Na ndiye pekee aliyekuwa nje kusikia."

* * *

Alhamisi asubuhi waliingia msituni wakiongozwa na Abubakar, mlinzi wa Kaya. Aliwafunga kaniki nyeusi kiunoni kwa mujibu wa desturi, akawaambia wasivunje hata kijiti kikavu. Rispah aliyekuwa mrefu kuliko kaniki yake alitembea kama korongo.

Ndani kulikuwa na ubaridi. Miti mikubwa ilisimama karibu karibu, na chini majani yaliyooza yalikuwa mazito kama godoro. Abubakar aliinama, akachota konzi moja ya majani yale, akaiminya. Maji yakadondoka katikati ya vidole vyake.

"Mvua ya mwisho ilikuwa lini, Inspekta?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Na bado yamo. Mvua ikinyesha hapa haikimbii. Inaingia taratibu, inakaa, inashuka kwenye mizizi, inatokea chemchemini mwezi baada ya mwezi, hata kiangazi. Wenzetu wa ng'ambo ya barabara walifyeka msitu wao wote wakauza mbao. Mvua yao sasa inateremka na udongo siku moja, kisha hamna. Wakachimba visima, vikatoa maji ya chumvi. Leo wanakuja kuteka kwetu."

Alisema hayo kwa fahari, lakini hatua chache mbele fahari ikamtoka. Alisimama, akatazama juu, penye uwazi wa anga ambao haukupaswa kuwepo.

"Hapa palikuwa na mbambakofi," akasema kwa sauti ndogo. "Babu yangu alinionyesha."

Subira alipiga magoti. Kisiki kilikuwa kimefunikwa matawi na kupakwa tope juu, kazi safi kabisa. Alilipangusa tope kwa kiganja. Ulitokea mti uliokatwa sawasawa, rangi ya machungwa yaliyoiva. Walivikuta visiki vingine vinne, vyote juu kidogo ya chemchemi. Kutoka kila kisiki mfereji mpana ulishuka hadi kwenye kijito, kisha alama zote zikapotea.

"Hakuna gari lililopita hapa," Rispah akasema, akizunguka. "Hakuna hata footprint. Wamepitisha wapi?"

"Ndani ya maji," Subira akajibu. "Wanayakata magogo mafupi, wanayafunga kamba, wanayaburuta mtoni. Maji hayaweki alama ya mguu. Abubakar, mnaposafisha mdomo wa bomba, tope huchukua muda gani kufika tangini?"

"Saa nzima kasoro dakika chache."

"Msumeno saa saba kasorobo, kuburuta saa saba, chupa ya Bi Mwanatumu saa nane." Akasimama, akajipangusa magoti. "Na wewe, Ijumaa uko wapi?"

"Mimi ndiye muadhini, Inspekta," Abubakar akasema, amenyong'onyea. "Kila Ijumaa nasimama pale nikiwaita watu waje kusali. Kumbe namwita na huyu aje kukata."

Subira alimwekea mkono begani. Halafu akainama tena, akachota vumbi la msumeno lililokuwa limejificha kwenye mizizi, akalitia kwenye karatasi. Lilikuwa jekundu la machungwa, laini, lenye harufu kidogo ya viungo. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nimewahi kuliona vumbi hili," akasema. "Jana."

* * *

Mlangoni pa ofisi ya maji kulikuwa na mche wa mwarobaini ndani ya mfuko mweusi wa plastiki. Subira alichomeka kidole kwenye udongo wake. Juu, palipotandazwa kitu cha kuzuia unyevu usipotee, kulikuwa na vumbi la machungwa.

"Mche huu umeupata wapi, Bi Mwanatumu?"

"Kwa Abdulwahab, mwenye kitalu pale mto unapotoka msituni. Mtu mwema! Ametugawia miche kijiji kizima, na shule pia. Anatuhimiza tupande miti tuokoe maji."

"Anatuhimiza," Subira akarudia taratibu.

Abdulwahab aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye ndevu zilizopakwa hina, na aliwazungusha kwenye safu za miche yake kama bwana harusi anayeonyesha nyumba mpya.

"Shida ni nguruwe mwitu, Inspekta. Wanachimba kingo za mto. Mimi nimewaona kwa macho yangu."

"Ijumaa tu?"

"Nguruwe hawajui siku," akasema, akacheka. Subira akacheka naye.

"Na haya maranda mazuri unayotandaza kwenye miche?"

"Ya useremala. Nayachukua kwa Rai, fundi wa Ukunda. Siku ya Ijumaa nikipeleka miche mahotelini Diani, nasali huko huko, narudi na magunia mawili ya maranda."

"Mashallah. Hakuna kinachopotea."

"Hakuna, alhamdulillahi."

Jibu lilikuwa zuri. Subira alilitafuna njia nzima hadi Ukunda. Fundi Rai alikiri kwamba ndiyo, humpa Abdulwahab maranda kila anapokuja. Rispah alishusha pumzi kwa kukata tamaa.

"Basi tumepotea, madam."

"Fundi," Subira akasema, "unafanya kazi na mbao gani?"

"Msonobari na mkaratusi. Wateja siku hizi hawataki nzito."

Alichota konzi ya maranda chini ya meza yake akawaonyesha. Yalikuwa meupe kama unga wa mahindi. Subira alifungua karatasi yake akaiweka kando ya kiganja cha fundi. Rai akanusa, nyusi zikampanda.

"Hii ni mbambakofi! Umeitoa wapi, dada? Hii hairuhusiwi."

"Najua," Subira akasema. "Asante sana, fundi."

Ndani ya gari Rispah alipiga usukani kwa furaha. "Tumkamate sasa hivi!"

"Kwa vumbi? Wakili wake atasema alilinunua sokoni. Na kijiji kitasema Mwinga alimsaidia, maana wameshaamua. La, Rispah. Nataka kijiji chenyewe kisikie." Akatazama saa. "Nirudishe Mwandeo. Nina maneno na imamu."

* * *

Ijumaa, saa saba kasorobo, walikuwa wamelala kifudifudi nyuma ya mzizi wa mti, hatua sitini kutoka chemchemini. Subira alikuwa mbele, Rispah na maaskari wawili nyuma yake, na mwisho Mwinga, ambaye kwa ruhusa ya Abubakar aliwapitisha kwenye njia ya ukingo ambayo mtu wa mtoni hawezi kuiona. Abubakar alikuwa ameadhini kama kawaida. Imamu alikuwa ameanza hutuba, na sauti yake ilimwagika juu ya msitu, kubwa, yenye mwangwi, ikijaza kila pengo.

Halafu, kama mtu anayeitikia, msumeno ukaunguruma.

Kutoka walipolala, sauti mbili zilichanganyika mpaka zikawa moja. Subira alielewa jinsi kijiji kizima kilivyodanganyika. Alimwona Abdulwahab mwenyewe kwenye shina la mbambakofi ya sita, miwani usoni, vizibo vikubwa vya masikio kichwani, na vijana wawili wakishika kamba.

"Sasa, madam?" Rispah akanong'ona.

"Ngoja."

Imamu alikuwa katikati ya sentensi kuhusu amana. Ghafla sauti yake ikakatika.

Hakikukatika kitu kingine. Kule msikitini imamu alikuwa amezima kipaza sauti kwa kidole chake mwenyewe, kama alivyoombwa, akakaa kimya juu ya mimbari. Msituni Abdulwahab, masikio yake yamezibwa, hakujua. Msumeno ukabaki peke yake. Ukapiga kelele juu ya Mwandeo yote, juu ya mapaa, juu ya zahanati, juu ya Bi Mwanatumu na wanawake waliokuwa mabarazani, dakika nzima, bila chochote cha kuuficha.

Mmoja wa vijana wa kamba aligundua kwamba sauti ya imamu imekatika. Aligeuka, akawaona polisi, akaiachia kamba na kukaa chini moja kwa moja ndani ya maji. Wa pili akainua mikono. Abdulwahab aliendelea kukata.

Subira alimfikia kwa nyuma, akamgusa bega.

Aligeuka na tabasamu lake lile lile la kitaluni. Likachukua muda kuondoka. Alizima msumeno, akavua vizibo vya masikio.

"Ijumaa njema, Bwana Abdulwahab," Subira akasema. "Nguruwe wako wako wapi?"

Mtu yule alitazama mti. Msumeno ulikuwa umeingia vidole vinne tu. Alitazama juu kwenye majani yake, halafu chini, akanyoosha mikono bila kuambiwa.

"Nani anayenunua?" Subira akauliza pingu zikifungwa.

"Nikikwambia, utanisaidia?"

"Ukiniambia, nitaandika kwamba uliniambia."

Akalitaja jina. Lilikuwa jina la mtu wa Ukunda, si yule fundi, ambaye Subira alikuwa akimtafuta kwa mwaka mzima katika kesi nyingine mbili, na moyo wake uliruka kama wa msichana aliyeitwa jina lake kwenye tuzo. Lakini hakuonyesha. Aliandika tu kwenye daftari, akapigia mstari mara mbili.

* * *

Imamu alimsimulia baadaye, huku akijitahidi kutocheka, yaliyotokea msikitini. Watu mia mbili walisikia msumeno, na hakuna aliyeweza kusema neno, kwa sababu hutuba haikuwa imekwisha na kuzungumza katikati yake haifai. Walikaa wakitazamana, macho yamewatoka. Mzee mmoja alitafuna ncha ya ndevu zake. Imamu alipotoa salamu ya mwisho ya swala, mlango haukuwatosha kwa haraka waliyotoka nayo.

Waliteremka wote hadi mtoni, kanzu zao nyeupe zimejaa njia. Kina mama walitokea upande wa pili. Waliona magogo, kamba, msumeno, na Abdulwahab akipandishwa kwenye gari. Waliona pia Mwinga, amesimama kando ya Koplo Rispah, kofia yake iliyopasuka mkononi.

Mtu mmoja nyuma akapendekeza miche ya kitaluni ipandwe penye visiki. Abubakar akatikisa kichwa.

"Msitu huu haukuwahi kupandwa na mtu. Mbegu zimo chini. Tuuache, na tuulinde. Hilo tu." Akamgeukia Mwinga. "Na Ijumaa nitahitaji mtu wa kuulinda mimi nikiwa msikitini. Mtu anayesikia."

"Nina mbuzi," Mwinga akasema.

"Mbuzi wasiingie kwangu tu!" Nesi Hannah akapaza sauti kutoka kwa kina mama, na watu wakaangua kicheko ambacho kilikuwa kimewakaa kifuani tangu msikitini. "Na mnisikilize nyote. Maji yakisafika Jumatatu, chumba cha kujifungulia nafungua Jumatatu hiyo hiyo!"

Vigelegele vikapanda. Imamu alisogea mbele, akamshika Mwinga mkono.

"Tulikukosea. Ulisema kweli kikaoni na tukakufunga mdomo. Tunakuomba msamaha mbele ya watu hawa."

Mwinga alitazama mkono ule. "Mimi nimesamehe, Sheikh. Lakini msiniambie mimi. Mwambieni mke wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akilia."

Basi wakapanda, wote, kilima kizima cha kanzu na leso, mpaka uani kwa Mwinga. Hapo wakasimama kama waliogonga ukuta. Nyumba haikuwa na paa. Mabati yalikuwa yamelazwa chini, yamefungwa kamba, vyungu vimewekwa ndani ya kapu, magodoro yamekunjwa. Katikati alisimama mwanamke mwenye mikono mikubwa, Kache, mke wa Mwinga, aliyekuwa ameambiwa Jumamosi na akaanza kujitayarisha mapema.

Imamu alisema yote. Aliyasema vizuri, bila kujitetea. Kache alisikiliza hadi mwisho.

"Msamaha nimeusikia," akasema. "Nashukuru. Sasa haya mabati yatapanda yenyewe?"

Kisha imamu akaikunja kanzu yake, akaifunga kiunoni, akanyoosha mkono.

"Nani ana nyundo?"

Ndani ya robo saa walikuwa sita juu ya nguzo, weupe dhidi ya anga kama yangeyange, na wengine kumi chini wakipitisha mabati. Mume wa Bi Mwanatumu alikuwa akichagua misumari iliyonyooka, na mkewe alikuwa akimkosoa. Koplo Rispah alipanda ngazi, misumari mitatu midomoni. Nesi Hannah alimpikia kila mtu uji.

Simu ya Subira ikalia. Alikuwa mkuu wa kituo, Msambweni.

"Inspekta, nimesikia umemkamata. Hongera. Uko wapi? Nataka ripoti na lile jina mezani kwangu leo."

"Niko eneo la tukio, afande."

"Na kelele gani hizo?"

"Nyundo, afande. Nipe saa moja."

Alikata simu, akainua ncha ya bati la mwisho na kulisukuma juu kwa mikono miwili. Imamu alilipokea, akaligongomea misumari minne, akajipangusa jasho kwa kuridhika. Chini, Kache alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, akaangalia mstari wa paa kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Sheikh," akasema, "hilo la mwisho limekwenda upande. Litoe, ulirudie."

Na imamu akalitoa.